Mwaka Tulioituliza Mashine ya Zuberi

Juzi tulikusanyika Handeni kumpongeza ndugu yangu Zuberi kwa kuhamia nyumba yake mpya. Wanaume walikaa nje kwenye viti vya plastiki, wanawake walikuwa jikoni, na mimi nilijibanza sebuleni kwa sababu ndiko watoto walikokuwa, na watoto walikuwa wanacheza gemu la mpira. Mama yake Zuberi, ambaye mimi humwita mama mdogo, alikuwa kwenye kochi la karibu na mlango, maana miguu siku hizi inamsumbua. Aliitazama mashine ya gemu iliyolala chini ya televisheni, nyembamba, nyeusi, haina kitu juu yake. Akafungua mkoba wake, akatoa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye vishada pembeni. "Zuberi, baba," aliita, "mbona mmeiacha uchi? Zawadi yako hii hapa. Na kabla hamjaanza kunifundisha, mgongo nimeuacha wazi." Zuberi alikuwa anapita na sinia la pilau. Alisimama katikati ya chumba, akanitazama, nami nikamtazama, kisha tukacheka mpaka sinia likabidi liwekwe chini. Watoto walituangalia kama watu tuliopungukiwa akili. Binti yake akauliza, "Shangazi, kwani gemu lina mgongo?" Nikamwambia lina mgongo, lina ubavu, linavuta pumzi na linatoa, na kwamba kuna mwaka nilioijua pumzi hiyo vizuri kuliko kitu kingine chochote.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza shule nasubiri chuo, nikapelekwa Korogwe kwa mama mdogo, mtaa wa Manundu, kumsaidia kazi kwa sababu ya mguu wa Zuberi. Zuberi alikuwa na miaka kumi na saba, kijana wa maneno mengi, na alianguka na pikipiki ya watu pale njia panda ya Segera. Paja lilivunjika. Alirudi kutoka hospitali amefungwa hogo jeupe, plasta ngumu kutoka nyonga hadi vidoleni, akalazwa chumba cha uani, na tangu siku hiyo alizungumza maneno matatu tu: ndiyo, hapana na sitaki. Nilimpelekea uji, sitaki. Nilimfungulia dirisha, hapana. Rafiki yake Damiani, jirani yetu, ambaye babu yake aliletwa zamani kukata mkonge na hakurudi tena kwao, alikuja kila asubuhi kumsimulia habari za mtaani, naye Zuberi alimsikiliza huku ameutazama ukuta. Nilimsikia mama mdogo akimwambia jirani uani, huku wanapepeta mchele, "Mguu utaunga. Mimi naogopa huyu mtoto mwenyewe."

Mashine ilitoka kwa kaka yake mkubwa. Aliinunua kwa mtu mmoja Handeni aliyekuwa na banda la gemu kando ya barabara ya vumbi, akaileta imefungwa ndani ya shuka kama mtoto mchanga. Wakati ule mashine za aina hiyo zilikuwa nzito, pana, zenye mgongo uliovimba, na kwa mtaa wetu kuwa na moja nyumbani lilikuwa jambo la kuzungumzwa msikitini na kanisani. Damiani aliunganisha nyaya, kelele za uwanja wa mpira zikajaa sebuleni, na kutoka chumba cha uani tukasikia sauti ambayo hatukuitarajia. "Ni timu gani hiyo?" Mama mdogo aliacha kisu kwenye kitunguu. Mimi na Damiani tulimbeba Zuberi na godoro lake, hogo limetangulia mbele, tukamlaza kwenye kochi refu, akapewa pedi ya kuchezea, na kuanzia hapo nyumba ikawa na mtu mwingine. Alibisha, alitania, alimwita Damiani kipofu. Aliomba uji bila kuulizwa.

Sasa nieleze ile sebule, kwa kuwa kila kitu kilitokana nayo. Mama mdogo alikuwa fundi wa kufuma, na hapakuwa na kitu chumbani mle kisichokuwa na nguo. Makochi yalikuwa na vitambaa mgongoni na mikononi. Redio ilikuwa na chake, televisheni ilikuwa na chake chenye vishada, chupa ya chai ilikuwa na sketi. Rimoti ilivalishwa nailoni. Kitu chenye heshima hakikai wazi mbele ya wageni, ndivyo alivyolelewa, ndivyo walivyolelewa mama zetu wote, na mashine iliyomrudishia mwanawe ulimi ilistahili heshima kuliko vyote. Basi aliipa nafasi bora aliyokuwa nayo: rafu ya katikati ya kabati la vyombo, nyuma ya milango ya vioo, chini kidogo ya vikombe vya wageni. Damiani alitoboa ubao wa nyuma kwa msumari wa moto ili nyaya zipite. Nyaya za pedi zilitokea kwenye upenyo wa milango, tukaibana kadiri ilivyobanika. Siku chache baadaye mama mdogo alimaliza kuifumia nguo, nzito, imeshikamana, inafika hadi chini pande zote. Aliivalisha, akarudi nyuma hatua mbili, akakaza macho. "Sasa imekuwa kitu cha nyumbani," alisema. Nakumbuka niliona imependeza. Na kweli ilipendeza.

Kelele zilianza kama friji kuukuu. Mechi ikifika katikati zilikuwa za mashine ya kusaga. Ikifika mwisho ilikuwa lori linalopanda mlima wa kwenda Dindira na mzigo wa kuni, na vikombe vya wageni vilianza kutetemeka kwenye visahani vyake. Sisi tuliizoea, tukawa tunaongeza sauti ya televisheni. Asiyeweza kuizoea alikuwa mwenye nyumba. Baba mdogo alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la mkonge. Kila siku alirudi asubuhi, akanywa chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha, akavua viatu mlangoni na kuvipanga sambamba, akaingia kulala hadi karibu na adhuhuri. Kichwa cha kitanda chake kiliegemea ukuta uleule ulioegemewa na kabati. Na hatukuwa na saa nyingine ya kucheza. Kuanzia adhuhuri Damiani alikuwa Segera anauza machungwa kwa abiria wa mabasi, mchana bati zetu zilichemka na mashine ikajizimia yenyewe, na jioni umeme ulikuwa wa kubahatisha.

Asubuhi moja mlango wa chumba ulifunguka, akatoka amejifunga msuli, macho mekundu. Hakupaza sauti, hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alisimama mpaka Damiani akaizima mashine. "Shikamoo, mzee," Damiani alisema. "Marahaba. Wewe nyumbani kwenu mna mashine ya kusaga?" "Hapana, mzee." "Kumbe hata mimi sina. Nilidhani nimenunua nikasahau." Alimgeukia mwanawe. "Zuberi, mimi usiku mzima nasimama. Mlinzi akisinzia lindoni anafukuzwa, na akifukuzwa hapa hatuli. Kesho naenda Handeni shambani, mvua zimekaribia, nitakuwa huko wiki nzima. Nikirudi nikalala, hiyo mashine ikaniamsha, inarudi Handeni kwa aliyeiuza. Sitasema tena." Aliposhika mlango aligeuka kidogo. "Si kwamba sioni inachokufanyia," alisema. "Naona." Kisha akafunga.

Mchana ule Zuberi alirudi kwenye maneno yake matatu. Nilimpelekea wali na maharage, akasema sitaki, akaligeukia kochi. Hapo ndipo jambo lile lilipokuwa langu. Sikuwa na habari yoyote na mashine za gemu, sikujua hata kushika pedi sawasawa, ila nilikuwa na tabia moja ambayo mama mdogo aliiita umbea wa kimyakimya: kitu kikinisumbua nilikaa mbele yake nikakitazama hadi nijue kinaanzia wapi. Nimeishi kwa tabia hiyo hadi leo na sijawahi tena kupata wiki tamu kama ile. Kila asubuhi niliamka na swali jipya, na kila jioni nilikuwa na kipande cha jibu.

Tulianza vibaya. Damiani alikwenda kwa fundi redio wa sokoni, mtu mwenye kipaza sauti juu ya meza yake na majibu kabla ya maswali, akarudi anakimbia. "Fundi anasema kelele zote ni feni. Humo ndani kuna feni ndogo. Kata waya wake, kelele kwisha." Zuberi alijiinua kwenye kiwiko. "Kateni." Mimi nilitaka kujua kwanza feni iliwekwa humo kwa kazi gani, maana hakuna kiwanda kinachoweka feni ndani ya sanduku kwa ajili ya kupunguza usingizi wa watu. "Dada Mwaju anataka kuihoji feni," Damiani alisema. Tukapatana njia ya katikati, ambayo haikuwa bora: badala ya kukata waya, Damiani angeziba matundu ya nyuma kwa kipande cha sponji ya godoro, sauti isitoke. Na kweli sauti ilipungua. Walicheza, wakashangilia, Zuberi akamwita fundi profesa. Kabla ya mapumziko ya nusu ya kwanza picha iliganda, taa nyekundu ikawaka na kuzima, mashine ikazimika kimya kabisa. Ilikataa kuwaka hadi alasiri. Ninaikumbuka ile alasiri kuliko siku nyingi za maana: Zuberi amejifunika shuka usoni, amerudi tena kwenye maneno yake matatu, Damiani, ambaye siku hiyo hakwenda Segera, amekaa sakafuni ameshika sponji kama mtu aliyeshikwa na kuku wa jirani, na mama mdogo anapita na kurudi bila kuuliza kitu, jambo ambalo kwake lilikuwa gumu.

Ilipowaka tena, nilichojifunza kilikuwa hiki: feni haikuwa mgonjwa. Feni ndiyo iliyokuwa inamuuguza mgonjwa. Tulipomzuia muuguzi, mgonjwa akazimia.

Kesho yake alikuja mgeni, mama mmoja wa kikundi cha kufa na kuzikana, asubuhi, wakati wale wawili wanacheza. Mama mdogo alifungua kabati kutoa kikombe cha wageni, akakishika, akakiacha. Akakishika tena. "Mwaju, umevisuuza hivi kwa maji ya moto?" Nilisogea. Kikombe kilikuwa cha moto kama vile mtu alikuwa amekinywea chai dakika ile na kukirudisha. Cha jirani yake pia. Kisahani pia. Vya pembeni vilikuwa na uvuguvugu, vya rafu ya chini vilikuwa baridi. Nilivipapasa kimoja kimoja huku mgeni ananitazama kwa huruma. Kabati lilikuwa limekuwa oveni. Mashine ilikuwa inatoa joto lake, joto linagonga vioo na ubao, linarudi, na mashine inavuta lilelile joto ililolitema, inazidi kuchemka, feni inazidi kukimbia. Tulikuwa tumemfungia mtu kwenye chumba kisicho na dirisha, kisha tunamlaumu kwa kuhema.

"Itoke kabatini," nilisema. Mama mdogo hakupenda, lakini vikombe vyake vilimtisha, aliogopa vitapasuka. Tukaiweka juu ya meza ndogo ya mbao, tukaisogeza mbali na ukuta. Kelele za lori zikashuka zikawa za mashine ya kusaga, na hazikushuka tena. Ilibaki nguo. Na nguo ile ilikuwa jambo la kuingia nalo kwa adabu.

Nilitafuta unyoya wa kuku uani, mdogo, ule laini wa kifuani, nikaufunga kwenye uzi na kuuning'iniza kwenye kijiti. Nikafunua nguo kidogo, nikazunguka nao mashine kama mganga. Ubavuni, unyoya ulivutwa ukanasa kwenye matundu. Nikauzungusha nyuma, ukaruka ukalala hewani. Nilipiga magoti pale sijui muda gani. "Inavuta kwa ubavu," nilimwambia Zuberi, "inatoa kwa mgongo. Ni upepo mmoja, unapita ndani." "Lete nione," alisema, na hayo yalikuwa maneno mawili ambayo hayakuwa kwenye yale matatu. Akaushika kijiti yeye mwenyewe, amelala, mkono umenyooka. Kisha nikaishusha nguo hadi chini kama mama mdogo alivyoivalisha. Unyoya ukaanguka, ukaning'inia umekufa. Nikaifunua, ukaruka. Nikaishusha, ukafa. Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi, na sikuwa nimemwona.

"Kwa hiyo nguo yangu ndiyo inamkaba," alisema.

"Si nguo, mama mdogo. Ni pale ilipofika."

"Nimeifuma kwa macho haya. Wageni wakija waikute uchi kama kuku aliyenyonyolewa?"

Zuberi alijibu kabla yangu. "Mama, ivae tukiizima. Tukicheza ivue, tukimaliza ipoe kwanza, kisha uivalishe. Kama mtu na koti." Mama mdogo alimtazama mwanawe aliyetoa maneno yote hayo kwa mkupuo mmoja. Sijui alikubaliana na hoja ya koti au na sauti yenyewe. Aliingia, akaivua nguo ile taratibu, akaikunja mara nne, akaiweka kichwani kwake. "Mkimaliza mniite," alisema. "Asiivalishe mtu mwingine."

Kelele zilipungua tena, lakini baada ya nusu saa zilirudi, na baba mdogo alikuwa amebakiza siku chache arudi. Nilitazama matundu ya nyuma kwa tochi. Ndani kulikuwa na kitu chekundu, kama blanketi. Nikakumbuka banda la gemu la Handeni, ile barabara, ile rangi ya udongo inayobaki kwenye pindo la gauni hata ukifua mara ngapi. Mashine ilikuwa imekuja na Handeni tumboni. Ilibidi ifunguliwe, na kufungua ndicho kitu ambacho kingeweza kutumalizia kila kitu. Tukiiharibu, baba mdogo asingehitaji kuirudisha popote. Tulimkalisha Zuberi aamue, maana mashine ilikuwa yake. "Ikikaa hivi inaondoka," alisema. "Ikifa tukiifungua nayo inaondoka. Bora tufungue."

Tulikwenda kwa fundi wa sokoni kuazima bisibisi ya nyota, kwa kuwa skrubu zake hazikukubali za kawaida. Fundi alikataa kuiazima, ila akakubali kuja nayo, na mimi nilifurahi kwa kuwa mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ushauri wake. Tulitandika shuka jeupe kwenye meza ya uani. Kila skrubu iliyotoka niliipanga kwenye sahani kwa mpangilio uleule wa mahali ilipotoka, na nikamwambia Damiani akiigusa sahani ile nitamkata mkono. Kifuniko kilipoinuka, sote tuliinama kutazama. Feni yenyewe ilikuwa duara, pana kama chapati, na kila jani lake lilikuwa limeota manyoya mekundu. Nyuma yake palikuwa na vyuma vyembamba vilivyopangwa kama meno ya kitana, ambamo upepo unatakiwa kupita uchukue joto, na meno yale hayakuonekana hata moja. Fundi aliingiza kibano, akavuta. Kilitoka kipande kizima, laini, kimeshikamana kama sufi. "Hili ni shamba," alisema fundi. "Hapa unaweza kupanda mtama."

Damiani alikwenda mbio kuchukua pampu yake ya baiskeli. Nilimzuia alipotaka kupuliza moja kwa moja, kwa sababu nilikuwa nimeona kwamba upepo ungeizungusha feni ovyo ikalegea. Tukaishika majani yake kwa kijiti cha meno, ikatulia, ndipo akapampu. Vumbi lilipanda wima, likageuka wingu, likatua kwenye nguo za mama mdogo zilizokuwa zimeanikwa. Mwenyewe hakuzijali. Alikuwa amejifunga kanga mdomoni anamsaidia Zuberi kuona, amemwegemeza begani kwake, kwenye benchi la uani, mara ya kwanza kijana yule kukaa nje juani tangu aumie. "Pale bado," Zuberi alikuwa anaelekeza. "Kona ya kushoto. Damiani, kipofu wewe, kushoto kwako." Fundi aliondoa pia dawa kavu iliyokuwa kati ya moyo wa mashine na vyuma vile, imekauka kama chokaa ya ukutani, akaifuta kwa spiriti na kupaka nyingine kutoka kwenye bomba dogo la sindano, kiasi cha punje ya mchele. Alinieleza kwamba kazi ya dawa ile ni kulikabidhi joto kwa chuma bila kulimwaga njiani. Maelezo hayo yalikuwa mazuri, na nilimwambia hivyo, naye akasema ndiyo sababu ana kipaza sauti.

Tuliifunga, tukairudisha sebuleni kwenye meza yake ndogo. Skrubu hazikubaki. Zuberi alibonyeza mwenyewe, taa ikawaka, na feni ikaanza kuzunguka kwa mnong'ono, kama mtu anayepuliza chai. Tulisogeza masikio sote, vichwa vikagongana. Ilibaki mtetemo mdogo, mmm, ambao niliufuatilia kwa kiganja na kuukuta haumo mashinani kabisa, umo kwenye meza. Ubao wake ulikuwa unaitikia kama ngoma. Damiani alikata kandambili iliyokatika vipande vinne, tukaviweka chini ya mashine, moja kila kona. Vikainyanyua kidogo, hewa ikapita hata chini, na mmm ikaisha. Mwisho niliigeuza meza, mgongo wa mashine ukaelekea katikati ya chumba, kwenye uwazi wa mlango, ili joto lijiendee. Nikaufunga unyoya wangu nyuma yake. Ukaruka ukakaa hewani, na nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu yeyote aliyenizidi umri.

Baba mdogo alirudi kutoka shambani na udongo kwenye pindo la suruali, akaenda lindoni, na asubuhi akaja. Tulimsikiliza anakunywa chai yake. Tulimsikiliza anapanga viatu. Kitanda kikalia, kisha kikatulia. Mama mdogo alihamisha kigoda chake akakaa mbele ya mlango wa chumba cha kulala, anachambua mchicha, kama askari. Alitikisa kichwa kwetu: anzeni. Zuberi aliwasha. Sauti ya televisheni ilikuwa ndogo kiasi cha kumsikia kuku wa jirani anakwaruza nje. Nusu ya kwanza ikapita. Mimi sikuitazama mechi, niliutazama unyoya. Nusu ya pili ikaanza, Damiani anaongoza kwa goli moja, anamtania kwa kunong'ona, "Hogo limekupanda kichwani," na Zuberi anamjibu kwa kunong'ona, na mashine inapuliza chai yake. Niliona mama mdogo anaanza kutabasamu kwenye mchicha. Dakika za mwisho kabisa Zuberi alisawazisha, na kabla Damiani hajaweka mpira katikati vizuri akampora akafunga la pili, na kilichotoka kinywani mwake hakikuwa mnong'ono. Ilikuwa sauti yake yote, ya kabla ya Segera, iliyojaa nyumba na kutoka uani.

Kitanda kililia. Mama mdogo alifumba macho. Mlango ukafunguka juu ya kichwa chake.

"Nani amepiga kelele?"

Damiani alifungua mdomo, nadhani alitaka kujitwika. Zuberi alimtangulia. "Mimi, baba. Nimefunga."

"Umefunga nini?"

"Goli. Nilikuwa nimefungwa, nikasawazisha, nikaongeza."

Baba mdogo aliivuka miguu ya mkewe. Aliitazama mashine juu ya vipande vya kandambili, haina nguo, haina kabati. Akainama, mkono mmoja umeshika fundo la msuli, akaisogezea sikio. Kisha alimtazama mwanawe, ambaye uso wake ulikuwa bado una furaha ya lile goli na hofu pamoja. "Basi si hii iliyoniamsha," alisema. Akavuta kigoda, akakiweka katikati ya chumba, akakaa aone.

Unyoya ukaanguka.

"Baba mdogo," nilisema, "samahani sana. Hapo umeziba hewa."

"Nimeziba?"

"Mashine inatolea pumzi hapo ulipokaa."

Aligeuka akautazama mgongo wa mashine, akajitazama mwenyewe. Mama mdogo alikuwa ameinamia mchicha, mabega yanamtikisika. Baba mdogo aliinuka, akabeba kigoda chake, akakirudisha kwa mkewe, akaenda kukaa kwenye kochi upande wa kichwa cha Zuberi. "Hapa je?" "Hapo sawa, baba mdogo." "Haya. Chezeni. Zuberi, ukikaribia kufunga tena niambie nijiandae." Walianza mechi nyingine. Aliuliza yupi ni yupi, akaonyeshwa, akauliza tena. Kabla ya mapumziko kichwa chake kilikuwa kimeshuka kwenye bega la mwanawe, na sauti kubwa kuliko zote sebuleni mle ikawa ni kukoroma kwake. Damiani alimsikiliza, akaweka pedi chini taratibu. "Dada Mwaju," alininong'oneza, "nikalete pampu?" Zuberi alicheka mpaka hogo likagonga mguu wa meza, na baba yake hakuamka.